Sura ya 7: Matone ya Ziwa, Jumapili za Cole

Jumapili ndiyo siku ya Kibuye. Katikati ya wiki soko hilo la Kisumu hufanya biashara kama soko jingine lolote, lakini Jumapili hufurika: mitumba imemwagwa juu ya maturubai, kuku wamefungwa miguu, omena hupimwa kwa gorogoro, na nyanya zimepangwa mafungu mafungu juu ya magunia. Yatazame mafungu hayo. Mwenye nyanya kumi na mbili anaweza kuzipanga safu tatu za nne nne, au safu mbili za sita sita, na fungu likatulia. Mwenye kumi na tatu ana kazi. Azipange atakavyo, safu hazilingani. Ama zote zikae kwenye mstari mmoja mrefu, ama moja ibaki nje. Mara nyingi hiyo moja ndiyo anayopewa mteja anaposema, "Mama, si uniongeze?"

Kiswahili kina jina la nambari kama kumi na tatu: nambari tasa. Ukiigawa haizai chochote ila moja na yenyewe. Kumi na mbili haiko hivyo. Ndani yake mna mbili, tatu, nne na sita, na hivyo ndivyo vigawo vyake. Sura hii inahusu nambari za aina ya pili, zile zenye vigawo, ila zimekua hadi hakuna soko wala ziwa linaloweza kuzibeba. Zina tabia moja ambayo hata wanahisabati waliizoea polepole: mtu anaweza kuthibitisha, bila chembe ya shaka, kwamba nambari fulani ina vigawo, na papo hapo asiweze kutaja hata kimoja.

Mgongo wazi wa nambari

Viwanda vya samaki vya Kisumu humchukua mbuta, hutoa minofu kwa ajili ya kuuza ng'ambo, na kinachobaki ni kichwa, uti na mkia. Mabaki hayo hukaangwa na kuuzwa mitaani kwa jina la mgongo wazi. Kila nambari nayo ina mgongo wake. Mgongo wa 12 ni 2 × 2 × 3. Mgongo wa 30 ni 2 × 3 × 5. Ukiendelea kuigawa nambari mpaka zibaki tasa tupu, utafika kwenye mifupa ileile, hata kama ulianza kukata kutoka kichwani na mwenzako akaanza mkiani. Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliuthibitisha ukweli huo kikamilifu katika kitabu chake cha mwaka 1801: hakuna nambari yenye migongo miwili.

Kuuona mgongo, hata hivyo, si rahisi kila mara. Chukua 91. Si shufwa, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa ni 10, kwa hiyo 3 haiigawi. Macho yanasema ni tasa, na wanafunzi wengi wamenaswa hapo. Kumbe ni 7 × 13. Nyanya 91 zinakaa safu saba za kumi na tatu bila hata moja kubaki.

Sasa kuna njia ya kuikamata 91 bila kuigusa 7 wala 13. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse ambaye hisabati ilikuwa burudani yake, aligundua kanuni. Chukua nambari tasa yoyote inayozidi 2. Zidisha 2 kwa yenyewe, idadi ya mara ikiwa pungufu kwa moja kuliko nambari hiyo, kisha gawanya kwa nambari yenyewe. Baki itakuwa 1 daima. Jaribu na 13: 2¹² ni 4096, na 13 inaingia humo mara 315, ikabaki 1. Sawa.

Ijaribu 91. Tunataka baki ya 2⁹⁰. Hakuna haja ya kuandika nambari yote hiyo, maana 4096 ikigawanywa kwa 91 inaingia mara 45 na kubaki 1. Basi kila mara 2 zikifika kumi na mbili tunarudi kwenye 1: tunafanya hivyo mara saba, tukafika 2⁸⁴, na zinabaki 2 sita tu. 2⁶ ni 64. Ingekuwa tasa, baki ingekuwa 1. Ni 64. Kesi imekwisha: 91 ina vigawo. Na katika hesabu nzima hakuna mahali ambapo 7 au 13 ilijitokeza kama kigawo. Ni kama daktari anayegundua kwamba mama amebeba pacha kabla ya yeyote kuzijua sura zao.

Jaribio hilo lina waongo wake. 341 hulipita, ikiacha baki 1 kwa utulivu kabisa, ingawa ni 11 × 31. Tena kuna 561, ambayo ni 3 × 11 × 17. Hata ukiiacha 2 na kuanza na nambari nyingine, maadamu haishiriki kigawo nayo, 561 hujibu 1 kila mara. Mmarekani Robert Carmichael aliandika kuhusu nambari za aina hiyo mwaka 1910 na zimebaki na jina lake. Kwa sababu yake, kompyuta za leo hutumia jaribio lililokazwa zaidi, la Miller na Rabin, ambalo waongo hao hawalipiti kirahisi.

Orodha ya mtawa

Mwaka 1644, mtawa wa Paris aliyeitwa Marin Mersenne alichapisha orodha iliyokuja kuwasumbua watu kwa karne tatu. Alikuwa akizichunguza nambari zinazopatikana kwa kuchukua 2, kuizidisha yenyewe mara kadhaa, kisha kutoa moja: 3, 7, 31, 127. Alidai kwamba hadi kufikia kipeo cha 257 (kipeo ni idadi ya hizo 2 zinazozidishwa), nambari hizo ni tasa pale tu kipeo kinapokuwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 au 257.

Hakueleza alivyojua. Watu wa wakati wake walielewa wazi kwamba hangeweza kuzijaribu zote kwa mkono. Siku hizi tunajua alikosea mara tano: aliziacha 61, 89 na 107, ambazo zinafaa, na akaziingiza 67 na 257, ambazo hazifai.

Kutoka kwenye orodha yenyewe unaona kwamba 11 haimo, ingawa 11 ni tasa. 2¹¹ − 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89. Mtawa aliipata hiyo. Lakini 2⁶⁷ − 1 ilikuwa na tarakimu 21:

147,573,952,589,676,412,927

Nani angeithibitisha au kuikanusha? Mfaransa Édouard Lucas aliikanusha mwaka 1876, kwa hila ambayo Derrick Henry Lehmer wa Marekani aliinyoosha mwaka 1930. Hila yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba mtu anaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa nambari unayoichunguza, chukua baki. Rudia. Idadi ya hatua ni kipeo ukitoa mbili. Mwisho wa safari, baki ikiwa sufuri, nambari ni tasa. Ikiwa kitu kingine chochote, ina vigawo.

Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, hatua ni tatu. Kutoka 4 tunafika 14. Kutoka 14 tunafika 194, ambayo baki yake ni 8. Kutoka 8 tunafika 62, na 62 ni 31 mara mbili kamili. Sufuri. 31 ni tasa.

Kwa 2047 hatua ni tisa, na mabaki yanafuatana hivi: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Ya mwisho si sufuri, kwa hiyo 2047 ina vigawo. Tazama tena mlolongo huo. 23 haimo, 89 haimo. Mwenye kalamu ameambiwa mlango umefungwa kwa funguo mbili, lakini hajaonyeshwa ufunguo hata mmoja. Lucas aliachwa mahali hapohapo na 2⁶⁷ − 1. Alijua mtawa alikosea. Ni wapi nambari hiyo ingekatika, hakujua.

Reli na ubao

Tarehe 20 Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali palipopewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Wajaluo walikuwa na jina lao la mahali pa kubadilishana vitu, na ndilo lililoshinda: Kisumu. Mwaka uliofuata mpaka ulisogezwa, na mji uliokuwa chini ya Uganda ukajikuta katika himaya ya Afrika Mashariki.

Miaka hiyo meli za ziwani zilikuja kwa vipande. Winifred iliundwa Paisley, Uskoti, ikafunguliwa, ikasafirishwa baharini hadi Mombasa, ikapandishwa kwenye reli, kisha mafundi wa Kisumu wakaiunga upya na kuiteremsha majini mwaka 1902. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kila kipande kilikuwa na mahali pake palipojulikana. Sasa fikiria mtu aliyepewa meli nzima, imepakwa rangi, haina riveti wala alama inayoonekana, akaambiwa aitenganishe katika vipande vilevile vilivyotoka Paisley. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuzidisha na kutafuta vigawo. Kuzidisha hufuta alama zote za kiungo.

Tarehe 31 Oktoba 1903, wakati Kisumu ikiwa na reli ya miaka miwili isiyotimia, Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alisimama mbele ya wenzake wa chama cha wanahisabati wa Marekani jijini New York. Mwanahisabati Eric Temple Bell ndiye aliyekuja kukisimulia kisa chenyewe, na Bell alipenda kukoleza. Kwa masimulizi yake, Cole hakusema neno. Alikwenda ubaoni, akapiga hesabu ya 2 kwa kipeo cha 67, akatoa moja. Kisha akahamia upande mwingine wa ubao na kuandika:

193,707,721 × 761,838,257,287

Akazidisha kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu. Majibu ya pande mbili yakafanana. Akaweka chaki, akaenda kuketi, na ukumbi ukapiga makofi. Bell anadai kwamba alipomuuliza baadaye kazi ilimchukua muda gani, Cole alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Msomaji asiyeamini anaweza kuanza na tarakimu za mwisho. 721 mara 287 ni 206,927, na nambari ya mtawa inaishia na 927.

Nambari hiyo ni kubwa kiasi gani? Mtu wa Kisumu ana kipimo karibu naye. Ziwa Victoria lina maji yapatayo kilomita za ujazo 2,700, na Kenya inamiliki asilimia 6 hivi tu ya uso wake. Kilomita moja ya ujazo ni lita trilioni moja. Chukua tone la kawaida, la yale ambayo ishirini hujaza mililita moja. Lita moja basi ina matone 20,000. Piga hesabu na ziwa zima, kuanzia Ghuba ya Winam hadi Mwanza na Jinja, linatoka na matone 54 ikifuatwa na sufuri 18. Nambari ya Cole inazidi hapo. Ili kuyapata matone ya kutosha ungehitaji maziwa Victoria karibu matatu, ukayahesabu tone moja moja bila kuruka.

Cole hakuhesabu matone, na hata Jumapili zake zisingetosha kama angekuwa anajaribu kigawo kimoja baada ya kingine bila hila. Kuna sheria inayompunguzia mtafutaji mzigo: kigawo chochote tasa cha 2⁶⁷ − 1, kikigawanywa kwa 134, yaani 67 mara mbili, lazima kibakize 1. Ukitoa moja kutoka 193,707,721 na kugawanya kwa 134, unapata 1,445,580 kamili. Kigawo kikubwa nacho kinatii. Zaidi ya hayo, kigawo kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Vichujio hivyo viwili vinawatupa wagombea karibu wote, na bado wanabaki zaidi ya laki saba kabla ya kumfikia yule mdogo. Gawanya hao kwa Jumapili 156 na utaona ni wagombea zaidi ya 4,600 kwa Jumapili moja, kila mmoja akihitaji kugawanya nambari ya tarakimu 21. Hakuna mkono unaoiweza kazi hiyo. Cole alikuwa na vichujio vingine zaidi, vilivyotokana na baki za nambari mraba, vikimwelekeza mahali pa kutupa wavu. Mvuvi wa ufuo wa Dunga, Kisumu, angeelewa: ziwa ni kubwa, lakini omena hawako kila mahali.

Leo simu iliyo mfukoni mwa mwendesha boda boda ingeuanika mgongo wa nambari hiyo kabla hajamaliza kuvaa helmeti.

Kufuli lililoachwa wazi

Kwa muda mrefu yote haya yalikuwa mchezo wa watu wenye Jumapili za bure. Mwaka 1977 mchezo uligeuka. Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wote wa taasisi ya MIT nchini Marekani, walitafuta njia ya watu wawili wasiojuana kupashana siri huku wengine wote wakisikiliza. Kumbe Mwingereza Clifford Cocks, aliyefanya kazi katika idara ya ujasusi wa mawasiliano, alikuwa ameifikia njia ileile mwaka 1973, lakini serikali yake ililiweka jambo hilo siri hadi mwaka 1997.

Wazo ni kama kugawa makufuli yaliyo wazi. Mwenye duka anaacha rundo la makufuli kaunta. Yeyote anaweza kuchukua moja, kufunga sanduku lake na kulituma. Kulifungua ni mwenye duka peke yake, maana ufunguo haukuwahi kutoka mfukoni mwake. Kufuli ni nambari kubwa yenye vigawo viwili tasa. Ufunguo unatokana na vigawo vyenyewe.

91 yetu inatosha kwa mfano. Mwenye duka anatangaza: "Kufuli langu ni 91, na kipeo ni 5." Mteja anataka kumtumia siri, nambari 4. Anaipandisha 4 kwa kipeo cha 5, anapata 1024, anagawanya kwa 91, inabaki 23. Anatuma 23. Anayesikiliza njiani anaona 23, na 23 haimwambii kitu. Mwenye duka anajua kwamba 91 ni 7 × 13. Anapunguza moja katika kila kigawo, anapata 6 na 12, anazidisha, anapata 72. Kisha anatafuta nambari ambayo ikizidishwa na 5 na kugawanywa kwa 72 hubakiza 1. Ni 29, kwa sababu 5 × 29 ni 145, yaani 72 mara mbili na moja juu. Anaipandisha 23 kwa kipeo cha 29, anagawanya kwa 91, na kinachobaki ni 4. Msikilizaji angeweza kufanya vivyo hivyo kama angeuona mgongo wa 91. Hapa anaweza. Nambari ikiwa kubwa, hawezi.

Kubwa kiasi gani? Mwaka huohuo wa 1977 jarida la Scientific American liliwawekea wasomaji nambari ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100, na Rivest akakadiria kwamba kuivunja kungechukua mamilioni ya mabilioni ya miaka. Ilidumu kumi na saba. Mwezi Aprili 1994 kundi lililoongozwa na Derek Atkins, Michael Graff, Arjen Lenstra na Paul Leyland, likisaidiwa na watu wa kujitolea wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kwa intaneti, liliivunja na kukuta vigawo viwili, kimoja cha tarakimu 64 na kingine cha 65. Siri iliyokuwa imefungiwa ndani ilikuwa mzaha mtupu kuhusu tai mla mifupa.

Mnamo Februari 2020 watafiti sita wa Ufaransa na Marekani waliivunja nambari ya tarakimu 250. Kama kazi hiyo ingefanywa na kiini kimoja cha kichakataji cha kompyuta, ingehitaji miaka kama 2,700.

Nambari zinazolinda tovuti siku hizi kwa kawaida ni za biti 2048, yaani tarakimu 617. Mtu wa mtaa wa Kondele, Kisumu, anapofungua tovuti ya benki, au anapoomba cheti kupitia tovuti ya serikali, simu yake hudai kitambulisho cha tovuti hiyo kabla ya kutuma chochote, na mara nyingi ndani ya kitambulisho hicho mna nambari kama hiyo. Tovuti nyingine zimehamia hisabati ya mikunjo iitwayo elliptic curves, yenye nambari fupi zaidi. Menyu ya kutuma pesa iliyo kwenye laini ya simu, ile ambayo M-Pesa ilianza nayo Machi 2007, ina njia yake: siri yake hukaa ndani ya kadi ya simu na kwa kampuni, bila kufuli la kugawiwa wageni. Lakini wasiojuana wanapokutana mtandaoni, mara nyingi kati yao imesimama nambari yenye mgongo usioonekana.

Andika tarakimu 617 kwenye daftari, ishirini na tano kwa mstari. Zinakwisha kwenye mstari wa ishirini na tano, ukurasa mmoja. Mwanafunzi mwenye subira akipewa vigawo vyake viwili, kila kimoja kikiwa na tarakimu kama 309, atahitaji kuzidisha tarakimu kwa tarakimu mara 95,481. Akifanya moja kwa sekunde, ni saa 26 na nusu, ukiacha kujumlisha. Wikendi moja mbaya sana. Mpe jibu na umwombe vigawo, na hakuna anayejulikana hadharani kuwahi kurudi na majibu kwa nambari ya ukubwa huo iliyochaguliwa vizuri.

Kuzitengeneza nambari hizi ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Nambari tasa haziishi. Euclid alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika ujirani wa tarakimu 309, takriban moja kati ya kila 710 ni tasa. Kompyuta huokota nambari ya bahati nasibu, huipitisha kwenye jaribio la Miller na Rabin, huitupa ikishindwa, huokota nyingine. Baada ya majaribio mia kadhaa imepata. Ikipata mbili, inazizidisha. Angalia jambo lililo hapo katikati: kila nambari iliyotupwa imejulikana kuwa na vigawo, na hakuna aliyehangaika kuvitafuta. Aibu ya Lucas ya mwaka 1876, kujua bila kuona, imegeuzwa kuwa mashine ya kutengeneza makufuli.

Mashine hiyo ina adui anayesubiriwa. Mwaka 1994, mwaka uleule ambao tarakimu 129 zilianguka, Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikipatikana yenye nguvu ya kutosha, ingeitoa migongo hiyo kwa urahisi. Bado haijapatikana. Lakini Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kwanza vya makufuli yasiyotegemea vigawo kabisa, na kampuni za teknolojia zimeanza kubadilisha.

Jirani wa 1279

Wale wa Jumapili za bure hawajaondoka. Mwaka 1952 Raphael Robinson aliandika programu ya jaribio la Lucas na Lehmer kwa ajili ya SWAC, kompyuta ya Los Angeles, na mwezi Juni programu hiyo ikakuta kwamba 2¹²⁷⁹ − 1 ni tasa. Jirani yake 2¹²⁷⁷ − 1 hufeli jaribio hilohilo: baki ya mwisho si sufuri. Ina vigawo. Ina tarakimu 385, pungufu sana kuliko kufuli la benki, na kila kigawo chake tasa kikigawanywa kwa 2554 lazima kibakize 1. Wenye kompyuta za kujitolea, wengi wao wakiwa chini ya mradi wa GIMPS ambao George Woltman aliuanzisha mwaka 1996, wameiwinda kwa kila wavu unaojulikana. Hadi sura hii inaandikwa, kigawo hata kimoja hakijapatikana. Miongoni mwa nambari za mtawa ambazo zimethibitishwa kuwa na vigawo, ndiyo ndogo kuliko zote ambayo mgongo wake haujaonekana hata mfupa mmoja.

Programu ya mradi huo ni ya bure, na kompyuta ya kawaida ya saiba yoyote ya Kisumu inaweza kupewa sehemu ya kazi, ikaifanya usiku mlango ukiwa umefungwa. Ikiandikwa kwa lugha ya biti, nambari inayotafutiwa mifupa ni tarakimu 1 zilizofuatana mara 1277 bila sufuri kati yake. Mtu akitaka kuionyesha Kibuye kwa nyanya, nyanya moja kwa kila tarakimu, atahitaji nyanya 1277. Na 1277 ni tasa. Zitakaa kwenye mstari mmoja mrefu, kutoka kwa wauza omena mpaka kwa wauza mitumba, na watu watalazimika kuziruka.